Upepo wa Kwenda, Upepo wa Kurudi

Huku kwetu chini ya Kirinyaga kumekucha na baridi, na mlima umejifunika wingu lake kama mzee ajifunikavyo blanketi. Lakini Mungu wetu hafichwi na wingu, na neno lake halipoi kwa baridi.

Neno letu la leo liko katika Injili ya Luka, mlango wa 15. Mlio na Biblia karibu, ifungueni. Msio nayo msihangaike, kwa maana habari hii wengi wetu tuliifahamu tangu shule ya Jumapili. Ni habari za vitu vitatu vilivyopotea: kondoo mmoja katika mia, shilingi moja katika kumi, na mwana mmoja katika wawili. Tumezihubiri habari hizi mara nyingi. Leo hatukuja kuwahubiria ninyi kwanza. Tumekuja kuwaeleza jinsi mlango huu ulivyotuhubiri sisi wenyewe, wazee na washiriki wa kanisa dogo lililoko kati ya Kiganjo na Naro Moru, na jinsi ulivyotuaibisha, na jinsi Bwana alivyoitumia aibu hiyo.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 2023. Vijana wetu walikuwa wamenunua ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo siku hizi watu huiita droni. Bila shaka mmeiona katika arusi na katika mazishi makubwa. Ina mabawa manne yanayozunguka, ina kamera tumboni, na huongozwa na mtu aliyesimama chini akishika rimoti na simu. Vijana waliitafutia fedha kwa miaka miwili. Waliuza kabichi na viazi, walibeba mawe ya ujenzi, waliimba katika arusi za watu. Bei yake ilipita shilingi laki moja, na kwa kanisa kama letu hilo si jambo dogo. Tuliiombea kama tulivyoliombea paa jipya la mabati.

Kati ya vijana hao mmoja alikuwa na mkono wa kuirusha. Jina lake hatutalitaja. Alikuwa na umri wa miaka 19, amemaliza shule ya sekondari mwaka uliotangulia, hana kazi, na aliishi na nyanya yake. Yeye ndiye aliyesoma kanuni za Serikali, zile za mwaka 2020 zilizotolewa juu ya ndege za namna hii. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba ni lazima chombo kiandikishwe na kibali kipatikane kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwamba kisipande kupita futi 400, na kwamba anayekirusha akione kwa macho yake wakati wote. Wengine wetu tulishangaa kuwa kijana huyu mnyamaza alijua mambo mengi hivyo.

Jumapili hiyo tulikuwa na sikukuu ya shukrani. Baada ya ibada watu walitoka nje, na droni ikapaa. Tulikusanyika nyuma ya kijana yule, tukitazama simu yake juu ya bega lake. Tuliliona paa letu. Tuliyaona mashamba yetu ya mahindi na vitunguu, yamepangwa vizuri kama shuka zilizoanikwa. Watoto walipiga kelele wakijitambua. Halafu sisi wazee tukaanza. Mmoja akasema, "Hebu ipeleke mpaka kwenye mto." Mwingine akasema, "Sasa tuonyeshe shule ya zamani." Mwingine akasema, "Endelea kidogo tu, nione shamba langu la ng'ambo."

Siku hiyo upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Kirinyaga kuelekea Nyandarua, na droni ilikwenda nao. Ilikwenda upesi, laini, bila taabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeufikiria upepo, kwa sababu upepo ukiwa mgongoni mtu hausikii. Kijana alituambia, "Wazee, siioni tena kwa macho, na betri imefika nusu. Naomba turudi." Na mzee mmoja wa kanisa, tena mwenye heshima, alijibu akicheka, "Nusu ni nyingi, kijana. Umeitumia nusu kwenda, itatosha nusu kurudi." Sote tulicheka. Sote tulikubali.

Wapendwa, hesabu hiyo ilikuwa ya uongo, na tungependa mwone ni kwa nini. Tuchukue mfano. Chombo chaweza kwenda kilomita 36 kwa saa hewa ikiwa imetulia. Upepo unavuma kilomita 24 kwa saa. Kikienda pamoja na upepo, kinakimbia kilomita 60 kwa saa. Lakini kikigeuka na kuupinga, kinabaki na kilomita 12 tu. Njia iliyokwisha kwa dakika moja wakati wa kwenda sasa yataka dakika tano. Isitoshe, mahali petu ni karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na yale mabawa madogo hujitahidi zaidi kukaa juu. Tena baridi huidhoofisha betri. Basi nusu ya kwenda na nusu ya kurudi hazilingani hata kidogo.

Kijana akaigeuza. Tuliona kwenye simu jinsi ardhi ilivyotambaa chini yake, polepole, kama mtu avukaye mto wenye nguvu. Namba za betri zilianguka: arobaini, thelathini, ishirini. Alitaka kuishusha iruke chini zaidi, kwa sababu karibu na ardhi upepo hupungua nguvu. Sisi tulipaza sauti, "Usiishushe! Itagonga miti!" Akatutii. Simu ikaanza kulia kwa onyo, kisha chombo chenyewe kikaanza kutua, maana kimetengenezwa hivyo: nguvu zikikaribia kuisha hujishusha pale pale kilipo kabla hakijaanguka. Tuliona mahindi, tukaona majani marefu yakitikisika, kisha hatukuona chochote. Ilikuwa imeshuka nyuma ya kilima.

Watu walinyamaza. Na katika ukimya ule mmoja wetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Huku ndiko kumpa mtoto fedha za kanisa, akazitupe mashambani." Kijana aliyasikia. Nasi tulimwona akiyasikia. Hakuna aliyesema neno la kumtetea, wala yule aliyesema kwamba nusu ni nyingi.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyoitafuta. Jumapili ile ile jioni watu wapata thelathini walishuka mashambani. Kila mmoja alikuwa na hakika ameona mahali ilipoangukia, na kila mmoja alionyesha mahali pake. Tulitangatanga mpaka giza, tukakanyaga viazi vya jirani, tukarudi mikono mitupu. Jumatatu tulikwenda tena, tukafanya vile vile.

Jumatatu jioni kijana alikuja ofisini mwa kanisa. Hakuketi. Aliiweka simu mezani na kutuonyesha jambo ambalo hatukuwa tumemwuliza. Simu ilikuwa imehifadhi mahali pa mwisho chombo kilipokuwa kabla mawasiliano hayajakatika, pamoja na picha ya mwisho iliyopigwa. Akatueleza kwamba tusitafute hapo tu. Chombo kilipotea simuni kikiwa bado hewani, na upepo uliendelea kukisukuma kilipokuwa kikishuka. Basi tuanzie mahali pa mwisho palipojulikana, kisha tufuate upande upepo ulikoelekea, yaani magharibi. Akasema pia kwamba kile chombo kina sauti ya kujitambulisha, lakini kisitegemewe, kwa sababu betri ikiisha hakina nguvu hata ya kulia. Alisema hayo kwa maneno machache, akatuachia simu pamoja na rimoti, akaondoka. Tulimwambia asante bila kuinua macho. Tulikuwa tumekwisha kuinamia ramani.

Jumanne tulifanya kama alivyosema. Tulisimama mstari mmoja, mtu na mwenzake umbali wa mkono, tukatembea polepole tukifungua kila kichaka. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama. Saa kumi jioni msichana mdogo aliyekuwa akiwakatia ng'ombe nyasi za nepia akapiga kelele. Droni ilikuwa imelala chini katikati ya nepia, bawa moja limevunjika, jingine limepasuka, na mwili wake mzima. Ilikuwa hatua themanini hivi kutoka mahali pa mwisho palipoandikwa simuni, upande ule ule wa upepo.

Ee, furaha yetu! Akina mama walipiga vigelegele. Tulirudi kanisani tukiimba. Chai ilipikwa, mandazi yakaletwa, na mchungaji akasoma Luka 15, habari ya yule mama aliyewasha taa, akafagia nyumba, akaipata shilingi yake, na kuwaita majirani wafurahi pamoja naye. Tuliona kwamba neno limetimia kwetu.

Ndipo nyanya ya kijana aliposimama mlangoni. Hakuingia. Mama mmoja alimwita, "Karibu, nyanya, njoo unywe chai, droni imepatikana!" Naye akasema, "Nimesikia. Nami nimekuja kuuliza kama kijana wangu naye amepatikana." Tukatazamana. Akatuambia kwamba kijana hakulala nyumbani usiku wa Jumatatu. Alikuwa amekuja, akachukua sweta yake, akamwachia nyanya shilingi mia mbili, akasema anakwenda kutafuta fedha za kulipa kanisa. Mzee mmoja alijaribu kumtuliza, akasema, "Nyanya, usiogope, huyo ni mtu mzima, atarudi mwenyewe." Mama yule mzee akatutazama, akajibu neno ambalo mpaka leo tunalisikia. Alisema, "Kwa kutafuta chuma mlishikana mikono siku tatu. Kwa mtoto mwasema atarudi mwenyewe."

Chai ilitupoa mikononi.

Wapendwa wasikilizaji, tuurudie mlango wetu wa 15. Mchungaji mwenye kondoo mia hakusema kondoo ana miguu minne, atarudi mwenyewe. Alikwenda. Mama mwenye shilingi kumi hakusema shilingi itaonekana siku moja. Aliwasha taa. Lakini tukifika kwa mwana aliyepotea, tunaona jambo la kutisha. Katika nyumba ile alikuwamo kaka mkubwa, mwenye nguvu, mwenye kuijua njia, wala hatusomi popote kwamba alikwenda kumtafuta mdogo wake. Alikuwa shambani akifanya kazi njema. Na mdogo aliporudi, yeye alihesabu gharama: mali imeliwa, ndama amechinjwa. Tulipousoma mlango ule usiku wa Jumanne, hatukujiona katika mchungaji, wala katika mama yule mwenye taa. Tulijiona katika kaka mkubwa, tumesimama nje, daftari la gharama mkononi.

Wengine wenu mtasema, kumtafuta mtu mmoja ni kazi kubwa mno. Basi kumbukeni mlima wetu huu. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walipanda mpaka karibu na kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Mwamba ukafunguka, Judmaier akaanguka, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake alimfunga, akashuka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kukaa naye. Wapanda mlima wa hapa Kenya walipanda katika theluji na barafu. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuwa akipeleka msaada kwa helikopta, alianguka na chombo chake mlimani akafa. Waokoaji wakaja kwa ndege kutoka Innsbruck, kwao mgonjwa, wakapanda, wakamshusha kwa kamba. Siku zaidi ya saba zilipita, na mtu yule akaishi. Watu wengi kwa ajili ya mmoja, na mmoja wao akatoa uhai wake. Tukiikumbuka habari hiyo hatusikii mtu akiuliza, "Je, iligharimu fedha ngapi?" Nasi tulio chini ya mlima huo huo tulikuwa tumemwandikia kijana deni la laki moja.

Usiku ule tulikubaliana kumtafuta kijana kwa njia ile ile aliyotufundisha. Kwanza, mahali pa mwisho palipojulikana. Tuliuliza, tukaambiwa alionekana Jumatatu usiku penye kituo cha magari pale Chaka. Pili, upepo ulivuma kuelekea wapi? Ni kitu gani kilichokuwa kikimsukuma? Na hapo tulitambua jinsi tulivyomfahamu kidogo. Tulijua kwamba anaweza kurusha chombo. Hatukujua kwamba matokeo yake ya mtihani yalikuwa yangali shuleni kwa sababu ya karo. Hatukujua kwamba amelala njaa siku nyingi ili nyanya yake apate dawa. Upepo ulikuwa ukimsukuma tangu zamani, nasi tulikuwa tumesimama nyuma ya bega lake tukimwambia, "Endelea kidogo tu." Tatu, tulifuata upande wa upepo. Kijana anayetafuta fedha za haraka kutoka Chaka atakwenda Karatina sokoni, au Nyeri mjini, au Nanyuki. Tukagawana. Wawili walikwenda Karatina, wawili Nyeri, watatu Nanyuki.

Siku ya nne tulimpata Nanyuki, mahali pa kuoshea magari karibu na kituo cha matatu. Alikuwa na ndoo mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Alipotuona aliweka ndoo chini, akasema kabla hatujamsalimu, "Wazee, nimepata shilingi elfu moja na mia nne. Zilizobaki nitaleta."

Yule mzee aliyesema kwamba nusu ni nyingi alikuwa mmoja wa watatu hao. Ni mtu mwenye mvi, naye si mwepesi wa maneno. Alimwambia, "Mwanangu, hatukuja kudai. Droni ilipatikana pale pale uliposema. Mimi ndimi niliyekukataza kurudi, na niliposikia wakikulaumu nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi." Kijana alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, ngoja kwanza nimalize gari la mtu." Akaliosha mpaka likaisha, tukamngoja tumesimama kwenye matope. Baadaye tulikunywa chai pamoja.

Tungependa kuwaambia kwamba alirudi nasi jioni ile, lakini tungekuwa tunawadanganya. Hakurudi. Alisema bado hawezi kupita mbele ya watu. Hatukumlazimisha. Kila wiki mmoja wetu alipanda matatu kwenda kumwona, pasipo mahubiri, ila kumsalimu tu. Kanisa lilichanga, karo ikalipwa, na cheti chake kikatolewa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule alikuja ibadani akaketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Tangu hapo huja, na mara nyingine haji. Droni imetiwa mabawa mapya nayo imo kabatini. Tumekubaliana kwamba hairushwi mpaka yeye mwenyewe aitake. Nyanya yake huja kila Jumapili, na akifika hutuuliza, "Nani anakwenda Nanyuki wiki hii?" Nasi huwa tuna jibu.

Sasa wapendwa, tupate nini sisi katika habari hii? Twawaachia mambo manne, mwende nayo kazini leo.

La kwanza, uogope upepo ulio mgongoni. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27, mabaharia walidharau onyo la Paulo kwa sababu upepo wa kusini ulivuma taratibu, wakaona wamepata walilolitaka. Baada ya muda mchache tufani ikawakamata. Vivyo hivyo mikopo ya kwenye simu huja kwa wepesi, ulevi huanza kwa wepesi, na uchumba wa siri huanza kwa wepesi. Usipime njia ya kurudi kwa urahisi wa njia ya kwenda. Wenye hekima wa vyombo hivi huanza safari kwa kuupinga upepo, nguvu zikiwa bado mpya, ili wakichoka upepo uwarudishe nyumbani. Anza siku yako kwa lililo gumu: kwa sala, kwa kuomba radhi, kwa kazi unayoikimbia.

La pili, ukitaka kurudi, shuka chini. Karibu na ardhi upepo hupungua. Mwana mpotevu alishuka mpaka kwa nguruwe, na huko chini akazingatia moyoni mwake, akaiona njia. Wewe usingoje kufika huko. Jishushe leo. Kwa mkeo, kwa jirani, kwa mwanao, sema, "Nimekosa." Na wewe unayemtazama mwenzako akijishusha, usimpigie kelele apande tena kwa ajili ya heshima.

La tatu, aliyeishiwa nguvu hapigi kelele. Tusingoje atuite. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, Eliya alilala chini ya mti akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimtumia malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, maana safari ilikuwa imemzidi. Yuko mtu ambaye kiti chake kanisani kimekuwa kitupu wiki tatu. Ukimya wake usiuhesabu kuwa kiburi. Huenda ni betri iliyokwisha.

La nne, mwende mkamtafute. Mwanzie mahali pa mwisho alipoonekana, mwulize ni upepo gani uliomsukuma, mwende mstari mmoja. Wala msimwulize kwanza juu ya hasara. Bwana Yesu alitutafuta sisi tulipokuwa hatuna hata nguvu ya kulia, naye hakutuma daftari la deni. Alikuja mwenyewe.

Kabla hatujaagana, chukueni nafasi kidogo, kila mtu alipo, mtaje moyoni jina la mmoja aliyepotea kwenu. Mmoja tu. Kisha leo, kabla jua halijashuka nyuma ya Nyandarua, fanyeni hatua ya kwanza kwenda kwake. Basi na tuombe.

Ee Baba yetu, Mchungaji mwema, twaungama mbele zako kwamba tumevitafuta vitu kwa bidii na kuwatafuta watu kwa uvivu. Utusamehe. Uwakumbuke vijana wetu waliotawanyika mijini, Nyeri na Karatina, Nanyuki na Nairobi, wanaoogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya deni au aibu. Uwape mkate na usingizi. Utupe sisi miguu ya kuwafuata na ulimi wa kuomba radhi. Na sisi wenyewe, nguvu zetu zikiisha kabla hatujafika, ututelemshe salama mkononi mwako. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.